Steshenari ya Ngamiani: kuombewa chuo cha sheria

Kwa anayeomba shahada ya sheria kutoka Tanga, steshenari hii ya Ngamiani inafanya kazi nzuri, ila iangaliwe kwa jicho kali. Skana yao inatoa vyeti vinavyosomeka, na kabla ya kujaza fomu wanapiga hesabu ya alama zako za kidato cha sita: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Principal pass (ufaulu wa A hadi E) mbili zisizofikisha jumla ya 4.0 hawazigusi, na vyuo vingi huongeza masharti yao juu ya hapo. Uaminifu huo ni adimu, wengine hupokea hela tu.

Kasoro kubwa ni namba ya simu. Mhudumu akiharakisha huweka ya dukani, na hapo ndipo balaa linapoanza: ukichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, msimbo wa kuthibitisha unatumwa kwenye simu hiyohiyo. Usipothibitisha kwa wakati, nafasi inaota mbawa. Simama nyuma yake, mwambie aandike yako. Imeili na nywila pia ziwe zako. Namba ya mtihani wa kidato cha nne isomwe pamoja na mwaka, mathalani S0000/0000/2021. Tarakimu moja ikikosewa, matokeo hayafunguki au yanafunguka ya mtu mwingine.

Wanaoulizia Law School of Tanzania, iliyoko Dar es Salaam, wanaambiwa sawasawa: ile ni ya wenye shahada ya sheria tayari. Feni, hakuna. Nenda asubuhi.