Mtutu umetoka, bunduki imekufa

Ukiwa na M1917, ile bunduki ya zamani ya jeshi la Marekani, iliyotoka kiwanda cha Eddystone, na unakaa upande huu wa Pennsylvania, ipitishe mbali na karakana ile ya kando ya barabara kuu. Jina sitaji. Waliokwisha kuumwa na nyoka yule watanielewa.

Mimi nilitaka kubadilishiwa mtutu tu. Ule wa zamani umeliwa ndani, risasi hazina adabu tena, na msimu wa kuwinda kulungu ulikuwa unakaribia. Sasa, bunduki hizi za bolti zilitengenezwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, 1917 na 1918, zaidi ya milioni 2, na zile za Eddystone sifa yake fundi yeyote anaijua: mtutu umekazwa kupita kiasi. Ukishindana nao kwa nguvu, kinachoachia si hesi, ni mwili wa bunduki wenyewe, chuma kile mtutu unamokazwa, unapasuka. Dawa ipo. Unafunga mtutu kwenye mashine ya kukereza, unachonga mfereji mwembamba mbele kidogo ya pale bega lake linapobana mwili. Mbano ukiondoka, mtutu unafunguka bila ugomvi. Mfereji unauharibu mtutu, sawa, lakini si ni wa kutupwa? Nilimweleza hayo mwenye karakana siku ya kwanza, na yakaandikwa kwenye karatasi ya kazi.

Nilipoifuata nikakuta ufa kwenye pete ya mbele ya mwili, pale mtutu unapoingia. Kwa macho huuoni. Paka mafuta, futa kwa kitambaa, subiri kidogo: mafuta yanatoka tena, yanachora mstari. Kando ya jiliwa kulikuwa na spana, bado imechomekwa kwenye bomba refu la kuongezea nguvu. Na mashine ya kukereza? Hatua chache tu kutoka hapo, imefunikwa turubai, juu yake maboksi.

Nikauliza kulikoni. Bwana yule hakuacha hata kutafuna mkate wake. "Bunduki ina zaidi ya miaka mia, ulitarajia nini?" Kisha akanisogezea bili. Jamani, bili kamili! Eti kazi ilikuwa kutoa mtutu, na mtutu si umetoka?

Nisiwe mchoyo wa haki. Mwaka mwingine walinifungia darubini kwenye bunduki yangu nyingine, kazi safi, mpaka leo haijacheza. Labda kwa kazi ndogondogo wanafaa. Halafu kijana wao mmoja alinifuata nje hadi kwenye gari, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye alishauri wakereze kwanza, akaambiwa ashike ufagio. Kwa ajili ya kijana huyo nilishaamua kutoa nyota mbili.

Lakini bili ninayo hapa mezani, na chini imeandikwa "imekamilika". Imekamilika! Basi nyota moja, na hiyo ni ya kijana. Siku akifungua karakana yake mwenyewe, aliye karibu naye anijulishe.