Baba na mpira wa mkojo: uzoefu wangu wa wodi mbili

Baba yangu ana umri wa miaka 74 na anasumbuliwa na tezi dume, hivyo hukojoa kwa mpira ulioingizwa kwenye kibofu, unaomwaga mkojo katika mfuko. Kati ya Juni na Agosti mwaka jana alilazwa mara tatu kwa maradhi yaleyale: homa, kutetemeka na mkojo wenye usaha. Huduma ninayotaka kuieleza ni ya wodi aliyolazwa mara ya tatu, katika hospitali ya rufaa, kwa kuwa ndiko nilikoelewa kwa nini homa ilikuwa haiishi moja kwa moja.

Hospitali ya kwanza, mara zote mbili, alichomwa sindano za seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, kwa siku 5, akapata nafuu, akaruhusiwa na mpira uleule aliokuja nao. Mkojo wake haukuoteshwa maabara, ili kujua ni bakteria gani na dawa gani inawaua, hata mara moja. Mfuko ulilala sakafuni, na nilimwona muuguzi akimwaga mkojo wa wagonjwa wanne katika ndoo moja, glavu zilezile mkononi, koki ya kila mfuko ikigusa ukingo wa ndoo. Nilinyamaza, na kunyamaza huko kunaniuma mpaka leo.

Wodi ya pili, sista wa zamu alisema "Shikamoo mzee", akajisugua mikono kwa dawa kabla ya kumgusa, kisha akauliza mpira una muda gani. Tulipomwambia umeingia mwezi wa tatu, aliutoa palepale akanionyesha ncha yake, imegandwa na ute wa kijivu kama ukoga wa ndani ya mtungi. Alinieleza kwamba bakteria hujijengea utando juu ya mpira, na dawa haiwafikii vizuri humo, hivyo mgonjwa hupata nafuu kwa siku chache kisha wale waliosalia wakaanza upya. Mkojo wa kupima aliuchukua kwenye mpira mpya, wala hakuuchota mfukoni.

Majibu yalitoka siku ya tatu: bakteria aitwaye Klebsiella, sugu kwa seftriaksoni, lakini anasikia amikasini, dawa nyingine ya kuua bakteria. Daktari alisema huenda usugu huo ulitokana na sindano za awali, na kwa kuwa amikasini huweza kudhuru figo, alizipima kwanza na kuzirudia kila baada ya siku mbili.

Kasoro zilikuwepo. Mpira mpya tuliununua wenyewe nje, na chupa ya dawa ya mikono iliyo karibu na choo ilikaa tupu siku mbili nzima, jambo lisilokubalika katika wodi ya watu wenye mipira na vidonda. Hata hivyo, ningempeleka tena huko bila kusita.

Tangu aruhusiwe hajapata homa. Kila mpira unapobadilishwa, tarehe ya kuutoa huandikwa kwenye plasta iliyobandikwa juu ya mfuko, na siku hiyo ikikaribia, Baba mwenyewe ndiye anayetukumbusha.