Pesimeka inayokubali IRM: tumeitumia kwa mzee wetu, haya njo maoni yangu

Naandika kwa ajili ya wale wenye mzazi anayetakiwa kuwekewa pesimeka, kile kifaa cha betri na nyaya kinachosaidia moyo kupiga, na docta anawauliza kama mnataka ya kawaida ama ile inayokubali IRM, yaani mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili (wengine wanaiita MRI). Mimi nasema wazi, kama feza inapatikana chukueni inayokubali IRM. Ila kifaa peke yake hakitoshi, na hapo njo familia nyingi zinakwama.

Mzee wetu, baba mdogo, aliwekewa yake sababu moyo ulikuwa unapiga polepole sana, anaanguka ovyo. Kwa kazi ya moyo sina neno baya, anapanda vilima vya Kadutu mwenyewe bila kushikwa mkono. Shida ilikuja kwa mgongo. Miguu ikaanza kufa ganzi, docta hapa Bukavu akasema skane haitamwonyesha uti wa mgongo vile anataka, iko lazima IRM, basi tukavuka mto Ruzizi, kuingia Rwanda, kwenda Kigali. Kituo cha kwanza, mapokezi waliposikia tu neno pesimeka wakasema hapana, haiwezekani, mrudi nyumbani. Hakuna aliyeomba hata kuona kadi ya pesimeka, ile inayoandika ni kifaa gani! Mzee ametoka Kamembe ndani ya basi, amepita kona zote za msitu wa Nyungwe na mgongo unaouma vile, halafu anakatazwa mlangoni na mtu ambaye hajauliza ni kifaa gani. Iliniuma sana, na bado inaniuma.

Woga wenyewe una sababu, siukatai. Ile mashine ni sumaku kubwa, nyaya zinaweza kupata moto pale zinaposhika moyo, na kifaa kinaweza kudanganyika kikadhani moyo unapiga wenyewe, kikanyamaza wakati mgonjwa anakihitaji. Lakini hiyo ya kukataa kila mtu imepitwa na wakati. Marekani walikubali pesimeka ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya IRM mwaka 2011, Revo ya Medtronic. Na hata zile za zamani, mwaka 2017 yalitoka matokeo ya wagonjwa 1,509 wenye vifaa visivyotengenezwa kwa IRM, wakapigwa picha 2,103 kwenye sumaku yenye nguvu ya tesla 1.5, wakiangaliwa kwa karibu. Vifaa vilijirudisha kwenye mpangilio wa akiba mara 9 tu, na kilichobidi kubadilishwa ni kimoja, nacho betri yake ilikuwa imebakiza chini ya mwezi mmoja. Kwa hiyo mwenye ya zamani naye asikubali kufukuzwa bila docta wa moyo kuulizwa.

Kituo cha pili njo walifanya kazi kama watu. Teknisye alichukua kadi akaisoma mstari kwa mstari, jina la boksi (kile kifaa chenyewe chenye betri), namba, tarehe ya operesheni, halafu nyaya moja moja. Hapo kwenye nyaya mushike vizuri, sababu boksi linaweza kuwa la IRM na nyaya zikawa za aina nyingine, basi haihesabiki tena kuwa kifaa cha IRM. Akauliza kama wiki sita zimepita toka operesheni, akataka radio (picha ya eksirei) ya kifua aone kama hakuna waya wa zamani ulioachwa ndani. Kisha wakaweka kile kichwa cha mashine ya kupangia pesimeka juu ya kifua, ngozi haiguswi na sindano wala nini, wakabadilisha mpangilio ili ipige kwa mwendo mmoja bila kusikiliza moyo. Kidoleni kipima oksijeni, infirmiye anafuata mapigo kwenye skrini muda wote, mashine ya kushtua moyo iko pembeni tayari. Walipomaliza wakarudisha mpangilio wa mwanzo na kutupa karatasi ya kontrole. Wenye kile kifaa cha ndani ya mwili kinachoshtua moyo wakae macho hapa, mshtuko unazimwa kabla ya picha, msitoke mule mpaka muhakikishiwe umewashwa tena.

Ninacholalamikia ni randevu. Kila kampuni ina mashine yake ya kupangia, ya huyu haisomi kifaa cha yule, na mwenye kuijua hayuko kituoni kila siku. Mkienda bila kupiga simu mnaweza kulala Kigali bure, na hoteli haikungojei. Tumeni picha ya kadi kwa WhatsApp, pande zote mbili, muulize kama mtu wa mashine ya hiyo kampuni atakuwepo siku hiyo, ndipo mkate tiketi.

Na ba docta wetu wa Bukavu tunawaomba, mnapoandika bon (karatasi ya kuomba) ya IRM wekeni aina ya kifaa na nyaya zake palepale juu. Kuandika "ana pesimeka" peke yake njo kunamfanya mgonjwa arudishwe mlangoni. Picha za mzee zilitoka safi, mshipa wa fahamu umebanwa chini ya mgongo, sasa anafanya kine (mazoezi ya viungo) na miguu imeanza kusikia.