Tanga la kuzungushia ndani ya mlingoti: nalilaani, na bado silitoi

Sitaki tena mtu anisifie tanga kuu linalojizungusha ndani ya mlingoti. Linauzwa kwa neno moja, raha: unavuta kamba umekaa karibu na usukani, tanga linaingia, hupandi sitahani, hulowi. Na bahari ikitulia ni raha kweli, sikatai.

Sasa ngoja upepo ukaze. Juzijuzi ulikaza, nikaanza kupunguza tanga mapema. Likaingia hadi nusu, likanasa. Haliingii, halitoki! Mkunjo mmoja wa kitambaa umejikaba kwenye mwanya wa mlingoti. Tanga la kawaida likikushinda unalegeza henza, kamba ya kulipandishia, linashuka. Hili likishakuwa nusu ndani hulishushi ng'o. Likabaki juu linapigapiga, mlingoti unatetemeka, nami nazungusha winchi mbele, nyuma, mbele, nyuma, mpaka mikono ikaisha nguvu. Liliachia lilipotaka lenyewe.

Fundi aliyelifunga nilipomweleza hata usoni hakunitazama. "Mzee, hujui kulikunja." Eti niinue kidogo boriti ya chini, eti upepo uwe upande unaotakiwa, eti kamba ya kona ya nyuma niiachie polepole huku imekaza. Yote hayo nilifanya! Nikamuuliza, mbona tanga lenyewe limechakaa hadi limeota tumbo, na tumbo ndilo linalozaa mikunjo? Akageukia simu yake.

Tena hata lisiponasa linakula mwendo. Langu halina fito, vile vijiti vya kunyoosha kitambaa, kwa hiyo ukingo wa nyuma umekatwa kwa kubonyea ndani; eneo limepungua, na kubisha, yaani kwenda kuukabili upepo, kumekuwa kazi. Mtambo wa kulizungusha nao unaongeza uzito huko juu, pale pale usipoutaka. Kama ningechagua leo ningechukua la kujikunja ndani ya boriti: linabeba fito za mlalo, na likigoma unalishusha. Ingawa hilo nalo lina kiburi, pembe ya boriti ikikosewa kidogo tu, kitambaa kinajirundika upande mmoja.

Lakini ngoja niseme na hili, maana hasira isije ikanifanya mwongo. Usiku mmoja mvua ya upepo ilinikuta peke yangu zamu, mke wangu amelala. Nilipunguza tanga bila kuondoka kwenye usukani wala kumwamsha. Likaingia laini kama ulimi kinywani. Kwa umri wangu, kupanda sitahani gizani sikutamani.

Basi mtambo unabaki. Tanga jipya nimeshaagiza, na atakayelifunga ni fundi mwingine.