Ofisi ya kutaipu karibu na Markiti: kazi safi, ila walinimalizia hadithi

Wapo wanaoniuliza miswada yangu napeleka kuchapwa wapi, manake mie bado naandika kwa kalamu kwenye daftari na sina haya. Basi ni hapa hapa Mombasa mjini, si mbali na Markiti, kwenye zile ofisi ndogo za kutaipu na fotokopi. Jina silitaji kwa sababu nina lalamiko na sitaki kumharibia mtu riziki.

Nianze na mazuri. Ukurasa mmoja kutaipu ni 50, kuprinti 10, unalipa kwa M-Pesa, na yule dada anayetaipu anausoma mwandiko wangu ambao hata mimi siku nyingine unanishinda. Spelingi yake ya Kiswahili ni safi sana. Hajui tu kuzima ile spelingi ya Kiingereza ya kompyuta, kwa hivo skrini nzima ni mistari myekundu kama daftari la mtoto aliyefeli, lakini kwenye karatasi haitoki kwa hivo si kitu. Joto ndo balaa, feni ni moja na imeelekezwa kwa kompyuta.

Sasa lalamiko. Nilimpelekea hadithi fupi ya mawifi wawili wanaoishi nyumba moja Mji wa Kale, bangili ya dhahabu imepotea, mkubwa anamshuku mdogo ila hasemi, ni kutafutana kwa macho tu jikoni. Mwisho yule mdogo yuko ngazini usiku, anaufungua mkoba wake, anatazama ndani, anaufunga, anashuka. Basi. Nimechukua kazi nafika nyumbani nasoma nakuta: "akaufungua mkoba, akaiona bangili, akaufunga." Akaiona bangili! Maneno mawili tu na hadithi yote imekwisha kazi, yule wifi mdogo ashakuwa mwizi na msomaji hana la kufanya tena ila kwenda kulala.

Nikarudi nimefura. Dada akaniambia kwa upole, "Mwalimu, mie nilidhani umesahau, niliona imekatika." Nikamwambia sijasahau, nimeacha makusudi. Akauliza, "Kwani wewe wajua kilichomo?" Nikamwambia sijui. Jamani aliniangalia kama mtu aliyeuziwa simu feki.

Lakini hakunyamaza, na hapa ndo nilianza kumpenda. Akafunua ukurasa wa pili akaniwekea kidole, "Si umeandika hapa mkoba ulimlemea bega? Leso na pochi zamlemeaje mtu? Lazima kuna kitu." Yule mzee mwenye ofisi, aliyekuwa akilaminisha cheti cha mtu, akadakia bila hata kugeuka: "Dhahabu gani ya kulemea bega wewe? Hizo ni funguo. Zile za makufuli ya zamani. Huyo yuaondoka, amechoka na wifi yake." Dada akasema funguo hazikutajwa popote, mzee akasema mlango umetajwa mara ngapi, na kweli umetajwa, na mteja wa laminisheni naye akawa ashaanza kuuliza hao mawifi ni wa ukoo gani.

Mie nilisimama pale nacheka moyoni kwa sababu hicho ndicho nilichokuwa nikitafuta. Mtu mmoja aseme mwizi, mwingine aseme mnyonge anayekimbia nyumba, na kila mmoja awe na mstari wa kuwekea kidole. Msomaji asipokuwa na pa kuweka kidole hilo si fumbo, ni uvivu wa mwandishi, na siku hizi tunasoma uvivu mwingi unaoitwa kina kirefu. Kilichomo mkobani sina haja ya kukijua. Lakini lazima nijue kila mmoja wa wale wanawake anaogopa nini, nisipojua hilo hata sentensi ya kwanza haikai. Chekhov, yule mwandishi wa hadithi fupi wa Urusi, alimwandikia mchapishaji wake Suvorin mwaka 1888 kwamba msanii wajibu wake ni kuliweka swali sawasawa, kulitatua si lazima. Sawa, ila Chekhov hakuwahi kulieleza hilo mbele ya dada wa kutaipu na foleni ya watu nyuma.

Mzee alinikumbusha habari za Muyaka bin Haji, yule mshairi wa Mombasa wa zamani, kwamba fumbo ni letu tangu zamani. Ni kweli, lakini naona ni fumbo la aina nyingine. Muyaka aliyefariki 1840 alikuwa akirusha madongo wakati wa mvutano wa Mazrui waliotawala Mombasa na Seyyid Said wa Oman, na watu wa Mvita, yaani Mombasa, waliomsikia walijua vizuri nani anapigwa, sisi ndo tunamsoma leo na maelezo pembeni. Shairi ni lile lile, wasikilizaji wake ndo hawapo tena. Yule alikuwa anaficha kitu anachokijua kwa watu wanaokijua. Mie sifichi, mkoba kwangu pia umefungwa. Mzee hakukubali, alisema basi mimi nakwepa kazi, na bado hatujaelewana mpaka leo.

Ukurasa wa mwisho walinirekebishia na kuuprinti upya bila malipo. Nampa nyota nne, moja nimeitoa kwa kuongeza maneno bila kuuliza, hilo si dogo, mtu mwingine angepeleka kwenye mashindano bila kukagua. Ukienda na hadithi mwambie mapema "usiongeze neno", na kama wewe ni wa kukasirika ukiulizwa maswali peleka kwengine. Barua na CV hawana neno. Ijumaa usiende mchana, wanafunga kwa swala na mzee akirudi huwa anakula kwanza.