Makiri au tashiro: visu viwili vya Waainu

Zamani, mwanamume wa Waainu, wenyeji wa asili wa kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani, aliingia msituni na visu kiunoni. Tashiro ndicho kikubwa, cha kazi nzito: kufyeka njia, kukata matawi ya kujengea kibanda cha kulala. Ni panga la porini, basi.

Makiri ni kidogo, na hapo ndipo penye maneno. Kilichuna wanyama, kikapasua samaki, kikachonga vyombo vya mbao. Wanawake nao walikuwa na chao, menokomakiri, na mara nyingi kilitoka kwa kijana mwenye nia ya kuoa. Chuma chenyewe Waainu walikipata zaidi kwa biashara na Wajapani, kwa hiyo kijana alipimwa kwenye mpini na ala: mistari inayojiviringa iitwayo moreu, na kati yake vijigamba kama vya samaki, kila kimoja kimekatwa kwa ncha. Mchongaji hodari alihesabiwa kuwa ataweza kulisha nyumba. Binti akikipokea na kukivaa, jibu limepatikana.

Ukiniuliza, tashiro ni cha kutumia. Cha kutazama kwa karibu ni menokomakiri, hasa vya Nibutani, kijiji cha Hokkaido ambako uchongaji ungali hai.