Ukibonyeza kurudi unatupwa mwanzo: uzoefu wangu na tovuti ya kulipia ya mitihani iliyopita

Nyota mbili. Nimekuwa nikilipia tovuti hii ya notisi na mitihani iliyopita ya sekondari tangu muhula uliopita, na jina lake naliacha. Hasira yangu haiko kwenye bei wala kwenye rangi. Iko kwenye jambo moja: unachagua Kidato cha Nne, unachagua Kemia, unachagua mitihani ya taifa, unachagua mwaka, karatasi inafunguka. Ukibonyeza kurudi ili uchukue ya mwaka unaofuata, uko ukurasa wa mwanzo. Kila ulichochagua kimefutika. Kidato tena, somo tena, aina tena, mwaka tena. Mwalimu anayekusanya karatasi za miaka mitano kwa wiki ya marudio anachagua mara ishirini mahali ambapo mara nane zingetosha, na kila mwanzo mpya unapakia picha kubwa ya juu na kula bando.

Sababu yake inajulikana kwa yeyote aliyewahi kupanga tovuti. Orodha zinabadilishwa na programu ndani ya kivinjari, lakini anwani ya ukurasa haiguswi. Ukiwa kwenye Kemia ya 2019 au Historia ya 2014, anwani inayoonekana juu ni ileile. Kivinjari kinakumbuka anwani, hakikumbuki vidole vyako vilipita wapi. Ukikiambia kirudi, kinatafuta anwani iliyotangulia, na hapa iliyotangulia ni ya mwanzo tu.

Madhara hayaishii hapo. Mwalimu akinakili anwani na kuiweka kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, kila anayeifungua anafika ukurasa wa mwanzo. Akiihifadhi kwenye vipendwa, anahifadhi mlango wa mbele. Mwanafunzi anayeazima simu ya mama jioni hawezi kuendelea alipoishia mchana kwenye kompyuta ya shule. Hata mitambo ya utafutaji inaona ukurasa mmoja mahali penye mamia, kwa hiyo anayetafuta mtihani fulani kwenye intaneti hataletwa hapa kamwe.

Niliwaandikia huduma kwa wateja nikaeleza hatua kwa hatua, pamoja na picha za skrini. Jibu: “Mwalimu, mfumo uko sawa, wenzako wanautumia vizuri. Tumia kisanduku cha kutafuta.” Nikaeleza tena kwamba tatizo ni anwani, siyo utafutaji. Jibu: “Labda simu yako ni ya zamani, Mwalimu.” Sikuuliza habari za simu yangu. Anwani isiyobadilika haibadiliki kwenye simu yoyote, mpya au ya zamani, na mtu aliyekaa kwenye dawati la kupokea malalamiko alitakiwa angalau aijaribu kabla ya kunijibu. Inachukua nusu dakika.

Na hicho kisanduku nilichoelekezwa? Ukiandika “mtihani” hupati kurasa zilizoandikwa “mitihani”. Ukiandika “jibu” hupati “majibu”. Zana nyingi za utafutaji zimetengenezwa kupunguza herufi za mwisho wa neno, na kwetu wingi uko mwanzoni: somo, masomo, kitabu, vitabu. Pia ukiandika jina la somo kwa Kiingereza, kama lilivyochapwa juu ya karatasi ya mtihani, hupati kitu, kwa sababu menyu yao ni ya Kiswahili. Dawa ni orodha ya maneno yanayolingana inayojazwa kwa mkono: umoja na wingi, jina la Kiswahili na la Kiingereza, pamoja na vifupisho ambavyo watu huandika kweli. Kwa tovuti ya masomo ya sekondari ni kazi ya siku chache, siyo ya mwaka.

Sasa menyu yenyewe. Vidato vimepangwa kwa alfabeti: cha Kwanza, cha Nne, cha Pili, cha Sita, cha Tano, cha Tatu. Nimeitazama orodha hiyo nikajiuliza kama kuna mtu aliyeisoma kabla ya kuiruhusu iende hewani. Programu imeachiwa ipange majina, basi imepanga majina. Kila kidato kilitakiwa kuwa na namba ya mpangilio, 1 hadi 6, iliyotenganishwa na jina linaloonekana.

Chini ya kila kidato wameweka matawi yaleyale: Notisi, Mitihani ya Taifa, Majibu, Rasilimali. Fungua Kidato cha Tatu, Mitihani ya Taifa. “Hakuna matokeo.” Lazima yasiwepo! NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, inatahini Kidato cha Pili, cha Nne na cha Sita. Cha Kwanza, cha Tatu na cha Tano hawana mtihani wa taifa, kwa hiyo nusu ya vidato vyao vina mlango unaofunguka kwenye ukuta. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anafika hapo akidhani tovuti imeharibika au malipo yake hayajaingia. Anachohitaji ni maswali ya mtihani wa Kidato cha Nne yaliyopangwa kwa mada alizokwisha soma, ajipime, tuseme, kwenye mada ya Kemia ya mole concept bila kusubiri mwaka mzima. Maswali hayo wanayo. Wameyafunga ndani ya mafaili ya PDF yanayotambulika kwa mwaka tu, wala hakuna swali hata moja lililowekewa alama ya mada.

Kwa vidato vya juu wamefanya kosa la kinyume. Fizikia imenakiliwa mara mbili, mara moja chini ya PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) na mara moja chini ya PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia). Kosa la uchapaji likirekebishwa upande mmoja linabaki upande wa pili; nimelikuta hivyo kwenye notisi za umeme. Ukurasa uwe mmoja, tahasusi, yaani hayo makundi ya masomo, ziwe njia mbili za kuufikia. Na tangu mtaala ulioboreshwa wa 2023 uanze kuingia darasa kwa darasa, jina la kidato peke yake halitoshi tena: kila notisi ilihitaji kuandikwa ni ya mtaala gani. Hapa zimechanganywa, na anayeumia ni mwanafunzi anayekesha na mada ambayo hatatahiniwa.

Hata hivyo lazima niseme upande wa pili, maana ningekuwa nimeshaondoka. Majibu yao ya Kemia ni mazuri kuliko chochote nilichokiona mtandaoni. Swali la titresheni linatatuliwa mstari kwa mstari, pembeni ya kila mstari imeandikwa alama yake, na pale ambapo watahiniwa hupoteza alama kuna maelezo mafupi: umesahau kugawanya kwa 1000 kutoka sentimita za ujazo kwenda desimita za ujazo, umeandika uwiano wa mole bila kusawazisha mlinganyo kwanza. Aliyeandika haya amesahihisha karatasi nyingi na anajua mkono wa mwanafunzi unateleza wapi. Nikiyasoma naona nyota tatu, hata nne.

Kisha nataka kumwonyesha mwanafunzi jibu hilohilo, na siwezi kumpa anwani yake. Isitoshe, karatasi iko tawi moja na majibu yake tawi jingine, bila kiungo kati yake. Kazi ya mtu huyo imefichwa na watu wa ofisi moja naye, na hilo linanikera kuliko jibu la simu ya zamani. Nyota moja.

Kurekebisha siyo kubomoa. Kila ukurasa upewe anwani inayosomeka: kidato-4, kemia, mitihani, 2019, kwa mpangilio huo, na anwani ibadilike kila mara mtu anapochagua. Asiyeingia kwenye akaunti akifungua kiungo, aombwe nywila kisha apelekwe kwenye ukurasa uleule alioukusudia, siyo mwanzo. Anwani za zamani za mafaili zielekezwe kwenye mpya moja kwa moja, la sivyo viungo vilivyokwisha sambazwa vitakufa. Kupima ni rahisi: nakili anwani, fungua dirisha la faragha, ibandike. Usipoona kilekile, kazi haijaisha.

Majina ya matawi yasiamuliwe na ofisi peke yake. “Rasilimali” ni neno la kikao; humo ndani nimekuta ratiba, fomula za Hisabati na orodha ya vitabu, vitu vitatu ambavyo hakuna mwanafunzi angevitafuta pamoja. Chukueni kadi kama 40, kila moja iandikwe kitu kimoja kilichomo kwenye tovuti, mwape wanafunzi na walimu kama 15, kila mtu peke yake, wazipange mafungu na kuyapa majina wenyewe. Baadaye andikeni menyu kwa maandishi matupu, bila rangi wala picha, mwaombe wengine watafute, kwa mfano, majibu ya Biolojia ya Kidato cha Pili. Angalieni wanabonyeza wapi kwanza. Wakikosea hapo mwanzoni, jina la tawi ndilo bovu, na kisanduku cha kutafuta hakitawaokoa.

Kifurushi changu kinakwisha karibuni na bado sijaamua. Wakirekebisha anwani tu, hata menyu ikibaki ilivyo, nitalipa tena siku hiyohiyo. Wasiporekebisha, nitapakua majibu ya Kemia yote niliyoruhusiwa na kuyapanga mwenyewe kwenye folda, kidato, mada, mwaka. Nimerudisha nyota ya pili. Hiyo ni ya aliyeandika yale majibu, naomba ofisi wasiihesabu kuwa yao.